Kompyuta Haijui Kuwa Bando Lina Mwisho

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za mijini Tanzania hujaa vijana waliomaliza kidato cha sita. Mmoja ana bahasha yenye cheti cha kuzaliwa, mwingine ameshika picha za pasipoti, mwingine amesindikizwa na mama yake. Mwenye duka amekaa mbele ya kompyuta ya mezani iliyotumika kwanza kwenye ofisi za watu kabla ya kuuzwa upya. Haina waifai, kwa sababu iliundwa kwa ajili ya ofisi yenye nyaya za mtandao ukutani, na hapo dukani ukuta una kalenda na bei za kutoa kopi. Kinacholeta intaneti ni waya wa chaji: ncha moja imechomekwa nyuma ya kompyuta, ncha ya pili iko kwenye simu iliyolazwa juu ya rimu ya karatasi. Fomu inajazwa, inachapishwa, kijana anakwenda kusainisha serikali ya mtaa na kwa wakili, anarudi, kurasa zinaskaniwa na kupandishwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Yote hayo yamepita kwenye laini moja ya simu.

Ikifika saa nane mchana, ujumbe unaingia: bando limekwisha. Mwenye duka anabaki kujiuliza. Fomu ni maandishi tu, na kurasa zilizoskaniwa ni faili ndogo. Hakuna aliyetazama mpira wala muziki. GB alizojiunga asubuhi zimekwenda wapi?

Swali hilo ndilo kiini cha mazungumzo ya leo, wasikilizaji, maana linaulizwa na watu wengi: mwalimu anayeandaa matokeo nyumbani, mhasibu anayewasilisha ritani za kodi, mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu hosteli, kijana wa Nairobi anayefanya kazi za mtandaoni. Wote wanaitumia simu kama modemu ya laptopu. Na jibu ni kwamba sehemu kubwa ya bando huliwa na kompyuta yenyewe, kimya kimya, kwa kazi ambazo hakuna aliyeituma. Kompyuta hizi ziliundwa na watu waliozoea intaneti ya kulipia mara moja kwa mwezi na kutumia bila kuhesabu. Hazijui kwamba upande wa pili wa waya kuna kifurushi cha siku moja.

Matumizi haya ya simu yana historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za GPRS, mtu mwenye Nokia na waya wake aliweza kufunga programu ya PC Suite kwenye kompyuta, kisha kompyuta ikaiamuru simu ipige namba *99#, na intaneti ikaanza kuingia kwa mwendo wa makumi ya kilobiti tu kwa sekunde. Wasiokuwa na waya walitumia Bluetooth, au waliweka simu na laptopu zitazamane ili taa za infraredi zionane. Ukurasa mmoja wenye picha uliweza kumfanya mtu ainuke, akatie maji birika, na akirudi aukute bado unashuka.

Kisha ukaja mwaka 2009. Mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa, na tarehe 23 Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM ukazinduliwa, ukiiunganisha Afrika Mashariki na dunia kwa njia ya chini ya bahari badala ya setilaiti peke yake. Ndipo modemu ndogo za USB zilipotapakaa, nyingi zikitengenezwa na Huawei na kubandikwa nembo ya kampuni ya simu. Zilifanana na fleshi, zina tundu la laini ubavuni na kitaa kinachobadilika rangi kulingana na mtandao. Ikichomekwa kwa mara ya kwanza, modemu ilijitambulisha kwa kompyuta kama sidii yenye programu ya kampuni, na programu ikishafungwa ndipo inageuka kuwa modemu. Nyingi zilifungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine, na mafundi wa mjini walipata riziki yao kwa kuzifungua.

Wakati modemu hizo zinauzwa, simu nazo zilikuwa zinajifunza kazi ileile. Mwaka 2008 kampuni ya Joiku ya Ufini ilitoa JoikuSpot, programu iliyoifanya simu ya Nokia yenye waifai irushe intaneti kwa kompyuta bila waya wowote. Mei 2010 Google ikatangaza Android 2.2, ambamo kurusha hotispoti na kuunganisha kwa waya wa USB vilikuwa sehemu ya simu yenyewe, bila programu ya kuongeza. Apple ikaiwekea iPhone hotispoti ya waifai kupitia iOS 4.3 mwezi Machi 2011. Simu za bei nafuu zilipofika nazo na kipengele hicho, modemu ya USB ikahamia kwenye droo.

Kinachotokea ndani ya simu mtu anapowasha hotispoti kinastahili kuelezwa polepole. Simu inakuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Upande wa nje inaongea na mnara, ikitumia anwani moja ya intaneti iliyopewa na kampuni. Upande wa ndani inaanzisha mtandao mdogo wa kwake na kuigawia kila kompyuta inayojiunga anwani ya ndani. Kwenye Android nyingi anwani hizo huanza na 192.168, na kwenye iPhone huanza na 172.20.10. Ni kama sanduku la posta la shule: wanafunzi mia wanaandikiwa barua kwa namba moja ya sanduku, zikifika ofisini mtu anazisoma majina na kumpa kila mmoja ya kwake. Intaneti nzima inaiona simu tu. Simu ndiyo inayokumbuka kwamba ukurasa huu uliombwa na laptopu, na ujumbe ule ni wa WhatsApp ya simu yenyewe.

Njia za kuunganisha ni tatu. Waifai ndiyo maarufu, kwa kuwa haina waya na inaweza kuhudumia vifaa kadhaa kwa pamoja. Gharama yake ni betri, kwa sababu simu inaendesha redio mbili bila kupumzika. Simu nyingi za sasa zinaweza kurusha kwa masafa ya 2.4 GHz au 5 GHz. Yale ya kwanza hupenya ukuta vizuri lakini kwenye hosteli au jengo la ofisi yamejaa vifaa vya kila mtu. Ya pili yana kasi zaidi kwa umbali mfupi, na laptopu ya zamani huenda isiyaone kabisa. Kwa hiyo mtu akiwasha hotispoti na kompyuta yake ikaona za jirani bila kuiona ya kwake, jambo la kwanza la kuangalia ni masafa.

Waya wa USB ndio njia ya watu wa kazi. Hautegemei waifai, ndiyo maana kompyuta ya steshenari inaweza kuutumia, na wakati huohuo unaichaji simu. Tatizo la kawaida ni waya wenyewe: nyaya nyingi zinazouzwa barabarani hubeba umeme tu na hazina nyuzi za data. Simu inaonyesha inachaji, lakini kwenye mipangilio kitufe cha kuunganisha kwa USB hakikubali kubonyezwa. Mtu akibadilisha waya, kitufe kinaamka.

Bluetooth ni ya tatu. Kasi yake haizidi megabiti mbili hivi kwa sekunde, kwa hiyo video isahaulike, lakini inatosha kwa baruapepe na maandishi, nayo hutumia betri kidogo kuliko waifai. Mwandishi wa habari aliye kijijini, simu imebaki asilimia kumi na tano na taarifa inatakiwa chumba cha habari, ataishukuru.

Sasa turudi kwenye bando.

Kompyuta ya Windows ina utaratibu wa kutofautisha mitandao. Ikiwa ina tundu la laini ndani yake, inajua kwamba data ya simu hulipiwa kwa kipimo, na kwa kawaida hujizuia yenyewe. Lakini mtandao wa waifai, na ule unaoingia kwa waya, inauhesabu kuwa hauna kikomo mpaka mtu aiambie vinginevyo. Hotispoti ya simu huingia kwenye kompyuta ikiwa na sura ya waifai ya kawaida. Simu iliyounganishwa kwa USB huingia ikiwa na sura ya waya wa ofisi. Hapo ndipo hasara inapoanzia: kompyuta inapata kile inachokiona kama intaneti ya bure, na inaanza kufanya kazi zilizolimbikizwa tangu ilipozimwa jana.

Kazi hizo zinajulikana. Masasisho ya Windows ya kila mwezi yanaweza kufikia mamia ya megabaiti, na toleo jipya zima ni gigabaiti kadhaa. OneDrive inapandisha picha na nyaraka ambazo mwenye kompyuta hakujua kama zimewekwa kwenye folda yake. Kivinjari kinasasishwa, programu ya kuzuia virusi inashusha orodha mpya. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 ilikuja hata na mpango wa kugawana masasisho, ambapo kompyuta ya nyumbani iliweza kuwatumia watu wasiojulikana vipande vya masasisho kupitia intaneti ya mwenyewe. Mtu aliyelipia bando Mbeya aliweza kuwa anamhudumia mtu wa nchi nyingine bila habari.

Juu ya hayo kuna ukubwa wa kioo. Video ileile inayochezwa kwenye simu kwa ubora wa kawaida, ikifunguliwa kwenye laptopu hupandishwa ubora kufuata ukubwa wa dirisha na kasi ya mtandao. Netflix inawaeleza wateja wake kwamba saa moja ya ubora wa kawaida inaweza kutumia hadi gigabaiti 1, na ya ubora wa juu hadi gigabaiti 3. Mkutano wa Zoom wa watu wengi, kamera zikiwa zimewashwa, unaweza kupita gigabaiti 1 kwa saa. Mtu aliyezoea kifurushi cha GB moja kumtosha siku nzima kwenye simu anashangaa kikikata kabla mkutano haujafika kwenye mengineyo.

Dawa yake ipo, na haihitaji fundi. Kwenye Windows 10 na 11, mtu akishaunganisha hotispoti anafungua mipangilio ya mtandao, anaingia kwenye sifa za mtandao ule, kisha anawasha kitufe kilichoandikwa "Metered connection". Kuanzia hapo Windows inaahirisha masasisho mengi na kubakiza ya lazima, OneDrive inasimamisha kupandisha faili, na ule ugawaji wa masasisho kwa wengine unakoma. Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kompyuta hukumbuka agizo hilo kwa jina la mtandao, kwa hiyo anayebadilisha jina la hotispoti, au anayehamia kwenye simu ya rafiki, lazima awashe upya. Na anayetumia waya wa USB anatakiwa kuwasha kitufe hicho kwenye mtandao wa waya, kwa sababu kwa Windows hizo ni njia mbili tofauti. Wenye kompyuta za Apple wanapata kitu kinachofanana nacho, hali ya kutumia data kidogo, kuanzia macOS Ventura ya mwaka 2022.

Anayetaka kumjua mlaji kwa jina ana pa kutazama. Windows ina ukurasa wa matumizi ya data unaoonyesha kila programu na kiasi ilichotumia kwa siku 30. Simu nayo huhesabu peke yake data iliyotoka kupitia hotispoti, ikiitenga na ile ya WhatsApp au Facebook ya simu. Mwenye steshenari akizisoma kurasa hizo mbili jioni moja, atajua kama aliyemmaliza ni masasisho, au ni mteja aliyeomba "dakika tano tu" akafungua video kwenye kompyuta ya pembeni.

Kutumia kitufe cha "Metered connection" hakumaanishi kuyakimbia masasisho milele. Mengi yanaziba mianya ya usalama, na kompyuta inayojaza fomu za watu, yenye nakala za vyeti vyao, haifai kukaa mwaka mzima bila kusasishwa. Hapo ndipo kifurushi cha usiku kinapofaa: mtu anajiunga, anazima kitufe kile kwa usiku mmoja, anaiacha kompyuta ishushe inachotaka, na asubuhi anakiwasha tena.

Kuna upande wa haki katika jambo hili, na unahitaji kusemwa wazi. Data aliyoinunua mtu ni yake, iwe imeishia kwenye kioo cha inchi sita au cha inchi kumi na tano. Kampuni za simu za nchi mbalimbali hazikuikubali hoja hiyo kirahisi. Nchini Marekani, AT&T iliporuhusu iPhone kutumika kama modemu mwezi Juni 2010, iliwatoza wateja dola 20 zaidi kila mwezi bila kuwaongezea hata megabaiti moja. Verizon Wireless nayo ilikuwa na tozo yake, na ikaiomba Google iziondoe kwenye duka la programu zile zilizowawezesha wateja kukwepa tozo hiyo. Shirika la kutetea watumiaji la Free Press likalalamika, na Julai 2012 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ikamaliza shauri kwa Verizon kulipa dola milioni 1.25 na kukubali programu hizo zirudi. Msingi wake ulikuwa masharti ya masafa ambayo kampuni ilikuwa imeyanunua: yalikataza kumzuia mteja kutumia kifaa au programu anayoitaka.

Kampuni inajuaje kwamba data imetumiwa na laptopu, ikiwa simu inaificha nyuma yake? Njia mojawapo ni namba ndogo inayobebwa na kila pakiti ya data. Namba hiyo hupunguzwa moja kila pakiti inapopita kwenye kifaa cha kuelekeza njia. Simu za Android na iPhone huanzia 64, Windows huanzia 128. Pakiti ya simu yenyewe inatoka ikiwa na 64 kamili. Ya laptopu ya Windows, kwa kuwa imepitia kwenye simu, inatoka na 127. Mashine za kampuni zikiona 127, zinajua.

Kwa hiyo anayenunua kifurushi kinachoitwa "bila kikomo" asome masharti kabla ya kubonyeza kukubali. Baadhi ya vifurushi vya aina hiyo duniani hupunguza kasi baada ya kiasi fulani, au huweka kikomo cha peke yake kwa hotispoti. Afrika Mashariki imeonyesha kwamba sauti ya wateja husikika. Aprili 2021, vifurushi vipya vya simu vilipoanza Tanzania na wananchi wakalalamika kwamba bei zimepanda, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilielekeza kampuni zirudishe vifurushi vya awali. Nchini Kenya, Safaricom ilianzisha vifurushi visivyoisha muda mwezi Oktoba 2019, baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu data inayopotea usiku wa manane. Suala la hotispoti linastahili kudaiwa vilevile: kampuni iandike kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwenye menyu ileile ya kujiunga, kama kifurushi kinaruhusu kuunganisha kompyuta.

Usalama nao unagusa moja kwa moja mwenye laini. Kwa kuwa intaneti huiona simu tu, chochote kitakachofanywa na mtu aliyejiunga na hotispoti kitaonekana kimetoka kwenye laini hiyo, na laini za Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole. Nywila ya "12345678" inayotumika vijiweni ni mwaliko. Hata nywila zilizotungwa na simu zimewahi kuwa dhaifu: mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Erlangen, Ujerumani, waligundua kwamba iPhone zilitunga nywila za hotispoti kutoka kwenye orodha ya maneno 1,842 na kuongeza tarakimu nne, na kwa mashine zao waliweza kuibaini nywila chini ya sekunde 50. Apple ilibadilisha utaratibu huo. Nywila ndefu ya kujitungia, jina la hotispoti lisilotaja jina la mwenyewe, na kuzima mara kazi inapokwisha: hayo matatu yanatosha kwa watu wengi.

Joto ndilo adui mwingine. Simu inayorusha waifai huku inachajiwa hupata moto, na betri za lithiamu huchakaa haraka zikikaa kwenye joto. Ilazwe juu ya meza, kava litolewe, isifunikwe na mto wala kuachwa dirishani kwenye jua la Dodoma.

Lakini njia hii ina nguvu ambayo hata intaneti ya faiba haina. Umeme ukikatika, ruta ya nyumbani huzimika papo hapo, wakati laptopu ina betri yake, simu ina yake, na mnara mara nyingi una betri au jenereta. Wakati wa mgao wa umeme Tanzania kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, ofisi iliyozimikiwa na ruta iliweza kuendelea na kazi kwa hotispoti ya mfanyakazi mmoja. Mipaka yake pia ipo: mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini tarehe 12 Mei 2024, faiba na simu viliyumba pamoja, kwa kuwa vyote hutegemea njia zilezile za kwenda nje.

Wanaouza kompyuta wana nafasi ya kuwasaidia wateja hapa kuliko mtu mwingine yeyote. Mnunuzi anaposimama kaunta akiijaribu laptopu, muuzaji kwa kawaida huiunganisha na hotispoti ya simu ili kuonyesha kwamba intaneti inashika. Dakika hiyohiyo amfungulie mteja ukurasa wa mipangilio ya mtandao, amwonyeshe kitufe cha "Metered connection" kilipo, na amwache akiwashe mwenyewe kwa simu yake mwenyewe. Walimu wa kompyuta vyuoni na VETA nao waliweke somo hilo kwenye wiki ya kwanza, kabla ya kufundisha kuandika barua.